Aliyelelewa Jikoni

Hapana, hakufa. Nyinyi mliokwisha kumzika mume wa Mama Sufu tangu wiki iliyopita, na najua mko wengi, mfukueni. Tulimwacha amelala kifudifudi kwenye tope ndani ya zizi, mkono mmoja umeingia kwenye hodhi la maji, na yule alpaka dume amesimama juu yake kimya. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anatoka sokoni na kapu la nyuzi kichwani. Kapu likamwanguka, na nafasi yangu gazetini ikaisha hapohapo. Msinilaumu mimi, mlaumuni mhariri.

Alikuwa anapumua. Mama Sufu aliona povu likipasuka kwenye tope karibu na pua ya mumewe.

"Mume wangu," alisema. "Nisikie, mume wangu."

Miguu ya mzee ilikuwa imeelekea langoni. Mama Sufu alivuta komeo, akafungua lango kiasi cha mtu kupita, akaishika ile miguu kwa buti zake za mpira na kuvuta. Buti moja likachomoka na yeye akakaa chini bila kupenda. Akainuka, akashika vifundo vya miguu, akavuta tena mpaka mwili wote ukatoka nje.

Alipolisukuma lango ili alifunge, yule alpaka alikuja mbio. Aligonga chuma kwa kifua, zizi lote likalia. Kama komeo lingechelewa kidogo tu, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

"Tulia, mwanangu," Mama Sufu alimwambia huku machozi yakimtoka. "Umemlinda baba yako. Nimekuona. Tulia sasa."

Mumewe alifumbua jicho moja aliposikia hivyo. Alimtazama mkewe, akamtazama mnyama, kisha akalifumba tena.

"Nimeteleza," alisema.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze upesi tuendelee. Mama Sufu alikuwa fundi wa kufuma masweta, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu hakukosa nyuzi kichwani hata msibani. Aliwapenda alpaka kwenye picha kabla hajawaona kwa macho. Akauza mashine zake zote za kufumia, akanunua majike wachache na dume mmoja, wanyama wa shingo ndefu na macho makubwa ambao mtaa mzima uliwaita ngamia wa sweta. Watu walicheka. Yeye akanyoa, akasokota, akafuma kwa mkono, akauza. Shamba likasimama, ingawa kwa kuyumba.

Kisha jike mmoja akazaa, akafa, akaacha mtoto. Mama Sufu, ambaye hakujaliwa mtoto wa tumboni mwake, alikibeba kile kiumbe akakilaza jikoni karibu na jiko. Akakinywesha maziwa kwa chupa, akakivisha sweta, akakiita Kitoto. Leo Kitoto anamtazama mwenye nyumba usoni bila kuinua shingo, lakini jina halijabadilika, na ndiye yule dume wa zizini.

Haya, tuendelee.

Wifi yake Mama Sufu, dada mkubwa wa yule mzee, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Huyu mnamfahamu, mdomo wake hauna likizo.

"Nani amempiga mdogo wangu?"

"Ameteleza, wifi."

"Ameteleza tena? Juzi aliteleza, wiki ile aliteleza. Huyu ni mtu au ni sabuni?"

"Dada, niingizeni ndani," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mbavu zinaniuma."

Walimbeba mpaka chumbani. Wifi alikuwa ameshapata jawabu lake kabla hawajafika kitandani. Kuna mtu, alisema. Kuna mtu aliyesikia kwamba leo Bwana Bustani anakuja kumchukua Kitoto, akaingia zizini kuiba au kuharibu, akamkuta mdogo wangu, akampiga.

"Mtu huyo kapita wapi?" Mama Sufu aliuliza. "Komeo nililikuta limefungwa."

"Mwizi anashindwa kufunga komeo?"

Bwana Bustani ni yule mwenye uwanja wa michezo ya watoto, mabembea, farasi wa mbao na kadhalika. Alikuwa amekubali kumnunua Kitoto, na si Kitoto tu. Kama watoto wangempenda, basi sufu yote ya shamba hili, kila msimu wa kunyoa, angeichukua yeye kwa ajili ya blanketi na midoli ya duka lake. Bila mtu kama huyo, shamba lingeendelea kuyumba mpaka lianguke. Mama Sufu alikubali shingo upande, na aliyemsukuma kukubali alikuwa mumewe. Kila siku alikuwa akimwambia amuuze, amuuze tu.

Mama Sufu alirudi nje kuokota kapu na lile buti. Alipoinama karibu na lango aliona ubao umezama nusu kwenye tope, upande wa ndani. Alipitisha reki katikati ya vyuma akauvuta.

Ulikuwa ubao mpana, wa kufunika kifua cha mtu. Kona zake zilikuwa zimetafunwatafunwa. Aliugeuza. Upande wa nyuma ulikuwa na mpini wa chuma uliokazwa kwa boliti, umepindwa vizuri, unaenea ngumi ya mtu mmoja tu anayemjua. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma tangu ujana wake. Malango yote ya shamba aliyachomelea yeye, na kazi ya mkono wake Mama Sufu angeitambua gizani.

Ndani ya zizi, Kitoto alikuwa amesogea. Alisimama karibu kabisa na vyuma, akavuma ule mvumo wao laini wa puani, mmm, mmm, kama alivyokuwa akivuma jikoni akitaka chupa.

"Nakuja kukuona sasa hivi," Mama Sufu alimwambia. Lakini mkono wake, sijui kwa nini, haukwenda kumshika.

Aliingia chumbani na ubao.

"Hiki ni nini?"

Mumewe alikuwa amelala chali. "Kipande cha kuzibia tundu la uzio."

"Tundu linahitaji mpini?"

Mama Sufu aliweka ubao ukutani, akachukua mkasi wa kushonea, akaanza kuikata suruali ya mumewe kutoka chini kwenda juu. Wifi alishika taa ya mkononi kwa sababu chumba kile dirisha lake ni dogo.

Taa ilipofika kwenye mapaja, wifi alinyamaza. Nimewaambia mdomo wake hauna likizo, basi siku hiyo aliipata.

Kulikuwa na majeraha ya leo, mekundu. Chini yake kulikuwa na mengine yaliyogeuka rangi ya zambarau, na mengine ya kijani, na mengine ya manjano yaliyokuwa yanaelekea kupona. Mwili wa yule mtu ulikuwa umepigwa ukapigwa tena juu ya mapigo. Na wakati wote huo alikuwa akivaa suruali nene na koti refu kwenye jua kali, mkewe akimtania kwamba anazeeka ndiyo maana anasikia baridi.

"Nani anakufanyia hivi?"

"Bwana Bustani anafika saa ngapi?"

"Nimekuuliza nani."

"Mke wangu, leo yule mnyama aondoke. Mengine tutazungumza akishaondoka."

Mama Sufu hakutaka kuuliza tena. Akaanza kupangusa tope kwenye vidole vya mumewe, kimoja kimoja.

Wifi ndiye aliyepiga simu. Gari lilipofika, aliyeshuka alikuwa daktari wa mifugo.

"Wifi, umemwita daktari wa ng'ombe?"

"Ndiye pekee niliye na namba yake. Na yuko karibu."

"Kwani mimi ni mfugo?" mzee aliuliza kitandani, na wakacheka wote, kicheko kifupi kisicho na furaha.

Daktari alisema atampeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, mbavu si jambo la kuchezea. Ila kwanza aliomba aone miguu. Aliinama akatazama nyuma ya goti la kulia, kisha la kushoto, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka hakuwa yule mtu mchangamfu aliyeingia.

"Mzee," alisema, "amekuanza lini?"

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Nani amemwanza?" Mama Sufu aliuliza. "Daktari, unamsema nani?"

"Mama, keti."

"Siketi."

"Yule mtoto aliyefiwa na mama yake. Ulimlea peke yake? Hukumchanganya na wenzake?"

"Angechanganywaje na baridi ile? Wewe mwenyewe uliniambia nimweke jikoni."

"Nilikwambia," Daktari alisema. Alivua kofia yake. "Nilikwambia umlee kama mwanambuzi. Chupa, joto, umpakate. Mwanambuzi ukimlea hivyo anakuwa kero tu, atakufuata mpaka chooni. Hawa sikuwa nimewahi kuwatibu, nikadhani ni hivyohivyo. Kwa majike hakuna neno. Kwa dume ni mambo mengine kabisa, na mimi nimekuja kuyajua majuzi, kwa mwenzangu mmoja anayewafuga siku nyingi. Nilipanga nije nikueleze. Nikawa naahirisha."

"Unieleze nini?"

"Dume aliyekua na watu peke yao hajui kwamba yeye si mtu. Akiwa mdogo anakusukuma, anakupanda mgongoni, mnacheka. Akishabalehe anakuona ni dume mwenzake uliyeingia kwenye eneo lake. Anapigana nawe kama wao wanavyopigana. Anauma nyuma ya goti mpaka uanguke."

"Halafu?" Wifi aliuliza.

"Halafu anakukalia kifuani."

Nje, Kitoto alikuwa bado anavuma, na sauti ile iliingia dirishani kama kawaida yake ya kila siku.

"Uongo," Mama Sufu alisema.

"Mama."

"Nimesema uongo. Yule alilala miguuni mwangu. Nilipougua homa hakula mpaka nilipoamka. Mume wangu, mwambie huyu mtu. Umeteleza, si ndiyo?"

Mzee aligeuka kutoka ukutani. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mara ya kwanza nilidhani ni mchezo," alisema. "Ilikuwa siku ile ulipokwenda kupeleka masweta. Nikakwambia nimejigonga kwenye mashine. Mara ya pili nikajua si mchezo. Ndipo nikamjengea zizi lake mwenyewe."

"Ulisema anawasumbua majike."

"Nilisema."

"Ukaniambia nisiingie, mgongo wangu unaniuma, utamlisha wewe."

"Nilisema pia."

Mama Sufu aliketi sasa, bila kuambiwa. Msomaji, fikiri. Kila asubuhi yule mzee alikuwa anavaa koti lake nene, anachukua ubao wake, anaingia kula kipigo kilichokuwa kinamsubiri mkewe, kisha anarudi mezani kunywa chai na kusema mvua inaonekana haiko mbali. Sijawahi kupendwa namna hiyo, na sina hakika kama ningependa.

"Ungeniambia," Mama Sufu alisema.

"Ungemchagua nani?"

Alifungua kinywa. Jibu halikuja upesi, na kule kutokuja upesi kulimuumiza mumewe kuliko goti.

"Ndiyo maana," mzee alisema.

"Kwa hiyo ulitaka nimuuze."

"Nilitaka aondoke hapa."

"Kwenye uwanja wa watoto."

Wifi alitazama sakafu. Daktari, ambaye habari ya mnunuzi hakuwa ameisikia, alimtazama huyu na yule.

"Watoto gani?" aliuliza.

"Daktari," Mama Sufu alisema, "dawa yake ni nini?"

"Ilikuwa kumhasi mapema. Sasa, sidhani. Wenzetu akifika hapa wanamchoma sindano."

"Sindano ya nini?"

Daktari alizungusha kofia yake mikononi. Mama Sufu alielewa, akasimama kama aliyeunguzwa.

"Mimi ni mama yake."

"Naomba unisikilize kwa hili moja," Daktari alisema. "Mzee nimemhofia, lakini ninayemhofia zaidi ni wewe. Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyemjua duniani. Ukiingia mle leo, hajui mama. Anajua mpinzani wa kwanza."

Hapo honi ikalia nje.

Bwana Bustani alikuwa mtu wa kitambi na uso wa furaha, aina ya watu wanaoanza kucheka kabla hawajafika mlangoni. Alikuja na lori dogo lenye kibanda cha mbao nyuma, ndani yake ametandika majani makavu na blanketi. Mkononi alikuwa na utepe mwekundu wa kumfunga Kitoto shingoni, na bango lililokunjwa. Alilikunjua mwenyewe bila kuombwa.

Kwenye bango kulikuwa na picha ya Kitoto, na mtoto wa kuchorwa amemkumbatia shingoni. Chini yake maandishi makubwa: NJOO UMKUMBATIE.

"Nimeyabandika mji mzima," alisema. "Ufunguzi ni kesho. Shule zimeshaniahidi."

Wifi alimvuta Mama Sufu pembeni, akamnong'oneza sikioni.

"Nyamaza, wifi yangu. Nakuomba. Aende. Akishafika huko ni mali yake, atajua mwenyewe. Shamba linapona, mdogo wangu anapona, na sindano hachomwi. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Basi usijue kwa leo tu."

Nitakuwa mkweli kwenu. Kwa muda mfupi Mama Sufu alilipima neno hilo. Aliona Kitoto akipanda lori akiwa hai. Aliona sufu yake yote imepata mnunuzi. Kisha akaona tena lile bango, na ile mikono midogo shingoni.

"Siuzi," alisema kwa sauti.

Bwana Bustani aliendelea kutabasamu, akidhani hajasikia vizuri. "Samahani, mama?"

"Siuzi. Amemuumiza mume wangu. Yuko ndani, hawezi kusimama. Daktari huyu hapa anasema ni hatari kwa watu."

Bwana Bustani aliangaza macho mpaka zizini. Kitoto alikuwa amepitisha shingo juu ya lango, masikio yamesimama, anamtazama mgeni kwa yale macho yake. Bwana Bustani alikwenda akanyoosha mkono. Kitoto akamnusa kiganja, akavuma. Akakubali kukunwa shingoni.

"Huyu?" alisema. "Huyu ndiye muuaji?"

"Hapo kuna lango katikati," Daktari alisema. "Langoni wote ni wapole. Usimwamini."

"Daktari, umemwona akimuuma mtu?"

"Nimeona majeraha."

"Sikuuliza hilo. Mama, wewe umemwona?"

Mama Sufu alisita. "Sijamwona."

"Mzee mwenyewe alisemaje?"

"Alisema ameteleza," Wifi aliingilia, upesi kidogo.

"Basi." Bwana Bustani alikunja bango lake. Tabasamu lilikuwa limepungua. "Mimi ni mfanyabiashara, mama, mambo haya nayajua. Mtu amepata mnunuzi mwingine, ananitungia hadithi. Kama ni mkali, niambie. Lakini wewe uliyemlea kwa chupa mwenyewe unasimama mbali naye hivi? Ingia umshike. Akikugusa, nitaondoka na lori langu tupu na sitakulaumu. Asipokugusa, tunapakia."

"Asithubutu," Daktari alisema.

Mama Sufu hakuwa akimsikiliza Bwana Bustani tena. Alikuwa anamtazama Kitoto. Ndani ya kichwa chake neno moja lilikuwa limenasa, nalo halikuwa neno la biashara. Hajamwona. Ni kweli, hajawahi kumwona kwa macho yake akimuuma mtu. Mumewe angeweza kuwa na woga tu, na mnyama akinusa woga hubadilika. Mimi hajawahi kunibadilikia, alijiambia. Akinijua mimi, basi daktari amekosea. Na daktari akikosea, sindano haipo.

Hakuingia kwa sababu ya mauzo. Nataka mlielewe hilo vizuri, maana kesho mtakuja kumlaumu. Aliingia kwa sababu alikuwa anataka mwanawe aishi, na huo ndio mlango pekee aliouona.

"Shika komeo," alimwambia Bwana Bustani. "Nikisema fungua, ufungue."

"Mama Sufu," Daktari alisema, akamshika mkono. Mama Sufu akautoa taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeutoa mkono wa mgeni aliyesalimia kupita kiasi.

Lango likafunguka. Lango likafungwa nyuma yake.

Kule mteremkoni, kwenye zizi la pili, majike walikuwa wanakula. Mmoja aliinua shingo. Kisha wote wakainua, wakageuka upande mmoja, masikio mbele. Yule wa kwanza akatoa ule mlio wao wa kuonya, mlio wa kukatika-katika kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mama Sufu aliusikia. Mlio ule wao huutoa wakiona mbwa mwitu, na hapakuwa na mbwa mwitu.

Kitoto alimtazama. Hakukimbia kumjia, alitembea. Alikuwa amekua kuliko alivyomkumbuka. Mama Sufu aligundua, kwa mshangao uliomchoma, kwamba hajasimama naye mahali pamoja bila vyuma katikati tangu zizi hili lilipojengwa.

"Mwanangu," alisema. "Ni mimi."

Alianza kuvuma, kwa pua, ule mvumo aliokuwa akimvumia jikoni. Mmm. Mmm. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia.

Kitoto alisimama. Masikio yalikwenda nyuma, yakarudi mbele. Alinyoosha shingo, akaleta pua karibu na pua yake, wakavuta pumzi moja. Pumzi yake ilinukia majani makavu. Kisha naye akavuma.

Mama Sufu alilia bila kujificha. Kitoto alishusha kichwa akakilaza begani kwake, kizito, chenye joto, palepale kilipokuwa kikilala zamani alipokuwa anambeba. Mikono yake ikazunguka ile shingo. Mtu angepiga picha wakati huo, ingetosha kwa bango la pili.

Nje ya lango, Bwana Bustani alipiga makofi. Wifi alisema alhamdulillahi. Hata Daktari alipangusa jasho la uso, na mkono wake uliokuwa umeshika vyuma ukalegea.

"Mnaona?" Mama Sufu alisema. "Mnaona nyote? Ananijua."

"Basi toka," Daktari alisema. "Toka kinyumenyume, Mama, taratibu. Inatosha."

"Daktari, na wewe jifunze kukubali."

Mlango wa nyumba ulifunguka. Mumewe alikuwa amejikokota kutoka kitandani, shuka kiunoni, mguu mmoja hauna buti. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, uso umempauka. Alikuwa ameuona ule mkumbatio. Alishawahi kulaziwa kichwa hicho begani mwake mwenyewe, na alijua huwa kinafuata nini.

Mama Sufu alitaka amwonyeshe. Kati ya watu wote pale, huyo ndiye aliyetaka aone zaidi. Aliiachia ile shingo, akageuka kumtazama mumewe, uso umejaa furaha, akainua mkono amwambie Bwana Bustani afungue.

"Usimpe mgongo," mzee alisema.

Hakupiga kelele, mbavu zake hazikumruhusu. Lakini mkewe alimsikia vizuri, kila neno, kwa sababu uwanja wote ulikuwa umetulia ghafla, na nyuma yake Kitoto alikuwa ameacha kuvuma.